Ya buluu tunaijua, ya kahawia tunaikimbia



Leo hatuna habari ya mishono wala ya vitambaa vya Idi. Waliokuja kutafuta mitindo ya madera watusamehe, wiki ijayo inshaallah. Leo tunataka kuzungumza juu ya pumu za watoto, na hasa dawa zake, kwa sababu kuna kosa moja ambalo kina mama wa visiwa hivi tunalifanya nyumba hadi nyumba. Na sisi tumelifanya, tena kwa ujuaji mkubwa.

Tunaposema "sisi" ni sisi wa chumba hiki cha ushoni, dada wawili na wifi yetu, vyerehani vitatu na pasi moja ya kugombania. Mtoto tutakayemtaja ni wa mmoja wetu. Msituulize wa nani, kwani usiku ule wote watatu tulikuwa mama yake. Ana miaka saba, anapenda kuruka kamba, na ana pumu tokea hajaanza chuoni.

Ilikuwa masika, ile mvua ya siku tatu mfululizo ambayo kuta zinatoa ukungu mweusi na nguo hazikauki mpaka zinanuka. Jioni alikohoa. Tukampa maji ya moto, asali na habasoda, akalala. Saa nane za usiku wifi akaamka akasikia filimbi, akadhani ni upepo dirishani, kumbe ni kifua cha mtoto. Tukachukua ile dawa ya kuvuta ya buluu tukampulizia mdomoni mara mbili, tatu, tano. Hakuna kitu. Tukatikisa kopo, likawa jepesi kama ganda la karafuu. Limekwisha, na hakuna aliyejua limekwisha lini. Maduka ya dawa yamefungwa. Jirani, Mungu amlipe kheri, akatoa gari yake. Mtoto njiani alikuwa hawezi kumaliza neno moja, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na tundu za pua zinapanuka kama za mtu aliyekimbia kutoka Bububu.

Spitali walimtia kwenye mashine ya mvuke, wakampa oksijeni na vidonge, na karibu na alfajiri akaanza kuuliza habari za chai. Hapo ndipo muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alipotugeukia akatuuliza kwa upole, "Na ile ya kahawia, mnampa?"

Tukatazamana. Ya kahawia tulipewa miezi minne kabla. Tukamtumilia wiki tatu, mtoto akapoa, halafu tukaitia kwenye droo ya uzi na vifungo. Kwanza kwa sababu mtoto mzima. Pili, bibi yake alisikia kwamba ile ni "steroidi" na inafupisha watoto. Tatu, na hili tuliseme wazi, kopo lilipokaribia kwisha hatukutaka kununua jengine wakati mtoto anaruka kamba nje. Nani ananunua dawa ya mtoto mzima?

Basi hilo ndilo kosa letu. Ya buluu tunaijua na tunaipenda, ya kahawia tunaikimbia. Tunavyoona sisi sasa, ni kinyume chake kabisa: ya kahawia ndiyo dawa, na ya buluu ni ya kuzimia moto.

Tueleze kwa lugha yetu ya ushoni, maana hivyo ndivyo tulivyofahamu wenyewe. Njia za pumzi ni kama mshipi wa suruali ya kamba. Pumu inapokuja, vinyama vinavyozunguka njia zile vinajikaza kama mtu aliyevuta kamba, tundu likawa dogo. Ya buluu, ambayo jina lake ni salbutamoli, inalegeza kamba. Inafanya kazi ndani ya dakika chache, na nguvu yake inakaa saa nne mpaka sita. Nzuri sana, alhamdulillah. Lakini njia zile zina bitana kwa ndani, na kwa mtoto mwenye pumu bitana ile imevimba na inatoa makohozi hata siku anapoonekana mzima. Hapo kamba utalegeza mpaka uchoke, bitana imeshajaza mshipi. Ya kahawia, yaani beklometasoni, au ndugu yake budesonidi, inashughulika na bitana. Haifanyi kazi leo kwa leo. Inataka siku na wiki, asubuhi na jioni, mtoto anakohoa au hakohoi. Ndiyo maana ukimpa mtoto anayeshindwa kupumua huoni kitu, ukasema haifai, ukaitupa.

Rangi zenyewe msizitegemee sana. Kila kiwanda na rangi zake, kwa hiyo someni jina kwenye kopo. Sisi tunazisema rangi kwa sababu ndivyo tunavyozungumza nyumbani.

Hili si maneno ya mafundi cherehani tu. Madaktari wa dunia wanaotoa muongozo wa pumu, wanaoitwa GINA, tokea mwaka 2019 hawapendekezi tena mtu mzima au kijana wa miaka 12 na kuendelea kutibiwa kwa salbutamoli peke yake, lazima iwepo na dawa ya bitana. Na kwa watoto wa miaka sita mpaka kumi na moja nao wanataka dawa ya bitana iwemo. Wanasema pia kwamba mtu anayemaliza makopo matatu ya buluu au zaidi kwa mwaka, pumu yake haijadhibitiwa na yuko katika khatari ya kupata shambulio kubwa. Tulipohesabu ya kwetu, mwaka ule tulinunua makopo matano. Tulikuwa tunajisifu kuwa hatumkosheshi mtoto dawa!

Sasa tuje kwenye ile khofu ya steroidi, kwa sababu si ya kuchekwa. Bibi hakutunga. Watoto wanaotumia budesonidi kwa miaka walifuatiliwa Marekani mpaka wakawa watu wazima, na mwaka 2012 ikachapishwa kuwa kwa wastani walikuwa wafupi kwa sentimita 1.2 kuliko wenzao. Sentimita moja na kidogo. Sisi tunapima watu kila siku: hiyo ni pindo la gauni, na wala si pindo pana. Upande wa pili kuna mtoto ambaye kila masika anabebwa usiku.

Halafu fanyeni hesabu hii, sisi ilitufumbua macho. Mtoto wetu ana kilo 20. Siku ile ya shambulio alipewa prednisoloni, steroidi ya vidonge, miligramu 20 kwa siku, siku tatu. Jumla miligramu 60, na zinapita mwili mzima. Ya kahawia yake ina maikrogramu 100 kwa mpulizo, anavuta mmoja asubuhi na mmoja jioni, yaani maikrogramu 200 kwa siku, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kifuani huko huko. Kwa uzito tu, hatusemi kwa nguvu kwani dawa hizi si sawa, miligramu 60 ni sawa na ya kahawia ya siku 300. Tulikimbia steroidi ya kijiko tukaishia kumpa ya ndoo. Vidonge vile havina ubaya wakati wa shambulio, vinaokoa, na daktari akivitoa mtoto avimalize. Ubaya ni kuvihitaji kila baada ya miezi miwili kwa sababu mama ameficha kopo kwenye droo ya vifungo.

Madhara ya ya kahawia tunayoyaona zaidi ni utando mweupe mdomoni na sauti kukauka. Dawa yake ni mtoto asukutue maji na kuyatema kila akishavuta. Sisi tumeipanga asubuhi na jioni kabla ya mswaki, hapo hakuna kusahau. Ya buluu nayo inaweza kumfanya mtoto atetemeke mikono na moyo umwende mbio kidogo, kisha inapita. Lile la "inadhoofisha moyo" na "ukishaianza huiachi mpaka kufa" tumelisikia kwa watu wengi, wengine wana digrii. Hakuna ulevi pale. Mtoto anaendelea kuhitaji dawa kwa sababu pumu ipo, kama anayevaa miwani.

Kuna dawa nyengine mtakutana nazo. Salbutamoli ya maji na ya vidonge bado inauzwa sana, na kina mama wanaipenda kwa sababu inanywewa, lakini inachelewa kufanya kazi, inatetemesha zaidi, na ya kuvuta inaishinda. Aminofilini ya zamani ni ya kuogopwa kwa mtoto, maana kipimo kinachofaa na kinachodhuru vimekaribiana. Montelukasti ni kidonge cha kutafuna usiku. Kinawafaa baadhi ya watoto, ila mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuwa kinaweza kuleta ndoto mbaya, hasira na mabadiliko ya akili. Ukipewa, mtazame mtoto wako na useme ukiona kitu. Na antibaiotiki si dawa ya pumu. Kila kikohozi na amoksilini, kisa kabati la nyumbani limegeuka duka!

Jambo jengine tulilokuwa tunakosea ni kumpulizia mtoto mdomoni moja kwa moja. Mtoto hawezi kupatanisha kuvuta na kubonyeza, dawa inagota kwenye ulimi na koo, kifuani haifiki. Inatakiwa spesa, kile kibomba cha plastiki kinachokaa baina ya kopo na mdomo. Mdogo wa chini ya miaka minne au mitano anavalishwa na barakoa yake. Unatikisa, unabonyeza mpulizo mmoja, mtoto anavuta pumzi tano za kawaida, unangoja kidogo, ndiyo unabonyeza wa pili. Usibonyeze yote kwa pamoja kama unaua mbu.

Spesa ni ghali na si kila duka linayo. Lakini madaktari wa watoto wa Cape Town walijaribu chupa ya plastiki ya kawaida ya mililita 500, wakachapisha mwaka 1999 kuwa kwa watoto wenye shambulio la pumu ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Chupa ya maji, jamani! Unatoboa tundu kwenye kitako kwa waya wa moto, umbo lile lile la mdomo wa dawa ili usipitishe hewa, unaziba pembeni kwa gundi na kuiacha ikauke, mtoto anapumua kwenye mdomo wa chupa. Unaiosha kwa maji ya sabuni na kuiacha ijikaushe yenyewe, usiipanguse. Muonyesheni daktari au muuguzi mliyotengeneza kabla ya kuitegemea. Sisi tulitoboa tatu vibaya kabla ya kupata moja.

Na kopo likwishe lini? Zamani tulikuwa tunalitia kwenye bakuli la maji, likielea limekwisha, likizama bado. Wenye viwanda wanakataza, si kipimo cha kweli na linaharibika. Kopo la kawaida lina mipulizo 200. La kahawia la mtoto wetu, miwili kwa siku, ni siku 100. Tunaandika kwa chaki ya ushoni ndani ya mlango wa kabati, alama moja kila siku.

Kuhusu pesa. Kopo la kahawia kwetu ni pesa ya kushona magauni mawili ya watoto. Si kidogo. Lakini igawe kwa siku 100, haifiki maandazi mawili kwa siku. Usiku mmoja wa spitali, pamoja na nguo za wateja zilizolala bila kushonwa, ulitutia hasara kuliko makopo manne. Kuna nyumba ambazo hata hiyo ya maandazi haipo, tunazijua. Kwa hao tunasema waulizeni kituo cha afya kwanza kabla ya duka, na wenye kutoa sadaka wafikirie. Tunachangishana kwa mabati na futari, mbona hatuchangii kopo la mtoto wa jirani? Na Shirika la Afya Duniani limeziweka salbutamoli na budesonidi kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto, na linakiri kuwa katika nchi za kipato cha chini wengi hawazipati dawa za bitana. Ukienda duka la dawa huku kwetu utaona: ya buluu imejipanga mstari mbele, ya kahawia "njoo Jumatatu." Duka linaleta kile tunachokiuliza. Tuiulize.

Kina baba mnaosoma kwa kuchungulia simu za wake zenu: kopo hili liwemo kwenye posho pamoja na mchele na mafuta. Siyo mama aombe kila mara kama anaomba hina.

Haya, sasa tutawaudhi. Udi. Tunaupenda udi kama nyinyi, nguo zetu hazitoki dukani bila kufukizwa. Lakini moshi wa chetezo ni moshi, kama wa makumbi ya nazi na wa sigara, na kifua cha mtoto mwenye pumu hakijui kuwa huu ni wa sunna ya mgeni. Nyumbani kwetu hatufukizi tena ndani. Nguo tunazifukiza uani, upepo ukienda kwa upande mwengine, na chumbani alhamisi usiku tunatumia mafuta kidogo nguoni, tena mlango wa mtoto umefungwa. Mama mkwe wa mmoja wetu alinuna mwezi mzima akisema nyumba inanuka ukavu. Tukavumilia. Godoro la sufi nalo tulilitoa, na vile vipande vya vitambaa vilivyojaa chini ya vyerehani, kwani vumbi la nguo lilikuwa letu wenyewe.

Asali na habasoda hatujaviacha. Vimo katika mafundisho ya Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, na yeye huyo ndiye aliyetuamrisha kutafuta matibabu. Anakula na mkate asubuhi, baada ya kuvuta ya kahawia.

Ramadhani. Mtoto wa miaka saba hajawajibikiwa, anafunga nusu siku kwa furaha na kushindana na wenzake. Ila binti wa miaka 12 au 13 aliyekwisha baleghe anafunga, na hapa ndipo tunapoona mabinti wanaficha dawa mpaka magharibi huku midomo inabadilika rangi. Ya kahawia haina tabu, inakwenda daku na futari. Ya buluu masheikh wamekhitilafiana: Ibn Baz na Ibn Uthaymin wa Saudia waliona haifunguzi, na wapo wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wanaoona inafunguza na siku ile atailipa. Muulizeni sheikh wenu. Lakini wote hao, anayeifunguza na asiyeifunguza, hakuna aliyesema binti asivute wakati anashindwa kupumua. Mgonjwa ana rukhsa ndani ya Qur'ani yenyewe. Binti ajue hilo kabla mwezi haujaandama, alisikie kwa mama yake, asilisubirie darsa.

Linalotuuma zaidi ni kuficha. Tumewahi kuambiwa na mteja, kwa sauti ya chini huku tukimpima, kuwa binti yake ana pumu lakini "wasije wakajua wenye posa." Binti anavuta dawa chooni. Skuli hawajui. Chuoni ustadhi hajui, anamkalisha kwenye mkeka wa vumbi. Siku akishikwa huko, nani atamkimbilia, na kwa dawa gani? Pumu haiambukizi wala si aibu. Posa inayovunjika kwa sababu ya kopo la dawa na ivunjike mapema.

Skuli ya mtoto wetu dawa ilikuwa inafungiwa ofisini, na ufunguo anao mtu mmoja ambaye Ijumaa anaondoka mapema. Tulikwenda mara tatu. Mara ya nne tulikwenda watatu kwa pamoja, tukiwa na barua ya daktari na ile chupa yetu, tukawaonyesha walimu namna ya kumpa. Sasa anayo mwenyewe. Na walimu wameandikiwa alama za khatari, ambazo na nyinyi zijueni: hawezi kusema sentensi au kunywa, mbavu na koo zinaingia ndani, midomo inakuwa kijivu au buluu, analegea na kusinzia, au amevuta ya buluu na hakuna nafuu. Hapo ni spitali moja kwa moja, unaendelea kumpulizia njiani.

Mtoto tumemshonea kifuko cha kitenge, sentimita 9 kwa 13 baada ya mshono, bitana ya pamba, zipu juu na kitanzi cha kufungia kwenye mkoba. Wenzake wawili wamekuja na mama zao kutaka na wao, mmoja hana hata pumu. Mwenye mtoto mgonjwa alete kipande cha kitambaa tu, kazi hatuchaji. Spesa haiingii humo, hiyo tunaishonea mfuko wa kamba peke yake, na kamba tafadhali msiivute sana.